Neno la Kufungia

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika watu mpaka mlangoni, kila mmoja ananyoosha karatasi zake juu. Katikati ya msongamano huo alikuwamo mhariri wa kamusi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, amevaa blauzi ya kijivu na viatu vinavyombana, mikononi ana boksi la kadi mia tatu za maneno. Mtu akampiga kikumbo. Kadi zikamwagika sakafuni.

Mwanamume mrefu mwenye tepu ya kupimia shingoni akainama kumsaidia kuziokota.

"Kopula," akasoma moja. "Hii nayo inaliwa au inapakwa?"

Mhariri akacheka bila kutaka. "Ni neno la sarufi, limetoka Kilatini. Huko lilikuwa na maana ya kamba, kifungo, kitu cha kuunganishia viwili. Wanasarufi wakalichukua wakaviita hivyo vineno kama 'ni'. Ukisema 'wewe ni mpole', hiyo 'ni' ndiyo inayokufunga na upole wako."

"Kwa hiyo mimi ni mpole?"

"Ni mfano tu, kaka."

"Mfano nimeshaupokea, dada. Haurudishwi."

Alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, amekuja kutoa nakala ya leseni. Akamwambia kwamba kumbe wao ni watu wa kazi moja: yeye anashona vifungo, mwenzake anaviandika. "Ila kuna kile kifungo kingine, cha miaka saba na kazi ngumu."

"Hicho kinaitwa ndoa," mhariri akajibu, na ulimi ukawa umeshateleza. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Wiki hiyohiyo simu zikaanza.

"Kamusi wangu, leo umeshinda herufi gani?"

"Bado niko K. Na wewe?"

"Nimekwama kwenye kola. Nikikuwaza, cherehani inakata kona yenyewe."

"Muongo mkubwa wewe!"

Siku moja fundi akamtumia ujumbe: *Mimi ni wako.* Mhariri, kwa mazoea ya kazi, akajibu: *Hata ukiiondoa hiyo 'ni' sentensi inasimama. Mimi wako.* Jibu likarudi hapohapo: *Basi iondoe. Sitaki kitu kikae katikati yetu.* Aliusoma ujumbe ule mezani kwake kazini mpaka mwenzake akamwuliza kama amepandishwa cheo.

Miezi minane wakapendana hivyo, na miezi yote minane mhariri hakumtaja fundi nyumbani. Alilelewa na shangazi yake, mwalimu mkuu mstaafu, aliyemsomesha kwa kujinyima na ambaye hakuchoka kumwambia, "Sikukusomesha uje uangukie kwa mtu yeyote tu." Fundi alipouliza lini atapelekwa kusalimia, jibu lilikuwa moja: "Ngoja kamusi itoke, mpenzi. Kichwa changu kitulie."

Kamusi ikatoka. Kwa ajili ya uzinduzi, fundi alimshonea gauni la rangi ya zambarau, lenye mikono mipana na vifungo kumi na viwili mgongoni, kila kimoja kimevikwa kitambaa. Akajishonea na suti. Alipoingia ukumbini mchana ule, wanawake wawili waligeuza shingo.

Mhariri alikuwa amesimama na mkurugenzi wake pamoja na shangazi. Fundi akawasalimia kwa heshima, akasimama karibu naye, karibu kuliko asimamavyo mtu baki.

"Na huyu ni nani?" shangazi akauliza.

 Mhariri alimwona shangazi akiangalia vidole vya fundi vilivyotobolewa na sindano, akamwona mkurugenzi akisubiri.

"Huyu ni... ni fundi wangu. Ndiye aliyenishonea gauni."

"Kazi safi sana!" mkurugenzi akasema. "Hebu nipe namba yako, mke wangu atakutafuta."

Fundi akaiandika namba kwa mwandiko mzuri, akashukuru, akatoka. Soda yake ilibaki mezani haijafunguliwa.

Jioni mhariri akampigia; simu ikaita mara nne ndipo fundi akapokea.

"Nisamehe, mpenzi. Nilibabaika."

"Hukusema uongo. Mimi ni fundi. Na nilikuwa wako. Kila neno lilikuwa mahali pake, Kamusi, ndiyo maana sina pa kukukosoa."

Akakata. Hakupokea tena.

Wiki sita mhariri alikonda mpaka pete ya kidoleni ikamlegea. Mwishowe, siku ya Jumapili, akapiga magoti jikoni alipokuwa shangazi anachambua mchele, akamweleza yote. Shangazi hakuinua macho.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mwanamume akimwangalia mtu vile, nani asiyejua? Nikakuuliza ni nani ili unijibu. Ulidhani nitamla?"

"Lakini ulisema mtu yeyote tu..."

"Mtu aliyeshona gauni lile ndiye mtu yeyote tu?" Akasukuma ungo kando. "Nenda kamwite. Mwambie mimi ndiye ninayemwita."

Alikwenda karibu anakimbia. Nje ya kibanda palikuwa na gari dogo la mizigo limeegeshwa, ndani rafu zilikuwa tupu. Fundi alikuwa anafunga mabaki ya vitambaa. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha ushonaji katika chuo cha mji mwingine, na sasa anahama.

"Shangazi anakuita," mhariri akasema, anahema. "Anakutaka nyumbani. Hana neno. Hakuwahi kuwa na neno!"

Fundi akakikunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi.

"Angenifukuza yeye siku ile," akasema polepole, "kesho yake ningerudi. Ningerudi hata mara kumi. Lakini hakunifukuza yeye."

"Unanipenda bado?"

"Nakupenda. Ndiyo shida yenyewe. Kila ukinitambulisha kwa watu nitakuwa nakusikiliza kwa hofu, nijue leo nimekuwa nani."

Mhariri alilia, na fundi alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akaangalia cherehani, akaangalia mlango. Dereva wa gari alikuwa anaumwa mgongo, hawezi kuinua.

"Nishikie upande huo," akasema.

Wakainua pamoja.

"Taratibu."

"Nimeshika."

"Kuna ngazi hapo nyuma yako."

"Nimeiona."

Wakaipandisha garini, fundi akaifunga kwa kamba mara tatu, akamshukuru kama anavyoshukuriwa jirani. Gari likaondoka. Mhariri akabaki kando ya barabara, viganja vimejaa mafuta ya cherehani, hajui ajifutie wapi.