Noti ya Mwisho ya Mama Nzilani

Rafiki yangu Ndeti alinisimulia haya chai yake ikipoa mbele yake, na sikumhurumia.

Kanisani kwao Mukuyuni, Mama Nzilani alikuwa akipiga ogani ya umeme tangu miaka ya sabini. Ibada ikiisha, alishikilia noti moja nzito mpaka mtu wa mwisho atoke nje. Hapo ndipo alipoinua kidole. Kisha akalazwa hospitali, na kamati ikaiuza ogani bila kumwambia. Ndeti, aliyefundishwa na huyo mama, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali iuzwe.

"Si mngengoja nife kwanza?" Mama alimuuliza. Hakutoka hospitali akiwa hai.

Mwaka wa 1994 washirika walikuwa wamechoka na kibodi mpya iliyonunuliwa badala ya ogani. Pasta akasema, "Ndeti, tutafutie sauti ya Mama humo ndani."

Akaenda alasiri moja ya mvua, peke yake. Akaunganisha kibodi na betri ya gari, akachanganya sauti: filimbi kidogo, mtetemo kidogo. Wingu likatia kanisa giza. Mara ikatoka ile yenyewe ya Mama, pamoja na mkwaruzo wake wa chini.

Akafurahi, akainua vidole. Noti haikukatika. Akazima kibodi, akachomoa waya za betri. Ikaendelea kulia.

Akakumbuka kawaida ya Mama; kumbe mtu wa mwisho ndani alikuwa yeye mwenyewe. Akatoka mbio, akafunga mlango kwa kufuli, akasimama kwenye mvua akisikiliza.

Ndani, noti ilikuwa bado inalia, inamngoja mtu wa mwisho atoke.