Kiti cha Nyuma

Haya yalimpata jirani yangu, mshonaji. Alinisimulia tukianua nguo, akinong'ona.

Mume wake ni fundi baiskeli. Za wizi huzivunja siku hiyo hiyo: magurudumu anauziwa huyu, mnyororo yule, fremu inapakwa rangi mpya, hata mwenyewe akipita haitambui. Siku moja alikuja mama akiulizia yake, yenye kiti cha mtoto nyuma.

“Kaka yangu, kama imepita hapa nirudishie. Mwanangu anaumwa, ndiyo ninayompeleka nayo hospitali.”

“Dada, si miguu unayo? Tembea!” Fundi akacheka. Fremu ilikuwa nyuma ya pazia.

Mtoto alifia njiani, mgongoni kwa mama yake. Makaburini mama hakulia. Alisema tu, “Aliyeichukua ndiye atakayempeleka.”

Jioni ile umeme ulikatika. Jirani yangu akaenda karakana kumwita mumewe wakale. Akiwa mlangoni alisikia mnyororo ukizunguka kwa kasi gizani, na mtu akihema. Akawasha tochi ya simu. Mumewe alikuwa amepanda ile fremu, imefungwa kwenye stendi, haina gurudumu wala mnyororo, naye anakanyaga pedali jasho likimtiririka.

“Baba watoto, umepatwa na nini? Shuka basi!”

“Siwezi,” akalia. “Anasema hospitali bado.”

Jirani yangu akazunguka amvute. Mgongoni, shati la mumewe lilikuwa limevutika kwa nyuma, limekunjamana mahali pawili, kila mahali padogo kama ngumi ya mtoto.