Darubini Kubwa ya Mchumba

Jamani, kama umesimama kaa kwanza, maana hii hata mimi nilipoambiwa nilibisha!

Msusi alifungua mkoba wake kwenye geti la msitu. Badala ya darubini yake ndogo, akatoa dude zito kama tofali. Simu hewani, kwa mchumba wake, Dereva, aliyekuwa bado anapaki gari.

"Darubini yangu iko wapi?"

"Sapraizi, mpenzi! Nimeibadilisha dukani. Ile ilivuta mara nane tu, hii mara kumi na mbili! Mke wangu atumie kidude cha kitoto kwa nini?"

"Nani alikutuma?"

"Mapenzi."

"Mapenzi gani hayaulizi? Njoo hapa!"

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya majaribio ya waongoza watalii. Nafasi ya kazi moja tu, na Msusi alikuwa amesuka vichwa vya watu kwa miaka huku akikariri majina ya ndege kwa ajili ya nafasi hiyo.

Dereva akaja anachekelea.

"Shika," Msusi akamwambia. "Mtazame yule ndege kileleni mwa mti."

"Mbona anacheza?"

"Ndege katulia, mkono wako ndio unacheza. Ikivuta sana, inavuta na mtetemeko. Nilichagua ndogo kwa sababu inanitosha mkononi, siyo kwa sababu sina hela!"

"Basi tuache, mpenzi. Mwakani..."

Msusi akavua pete ya uchumba. "Hebu rudia hiyo mwakani."



"Anayefuata!" akaita Mkaguzi, mama mmoja asiyecheka. "Kigogota yule anayegonga mti pale juu, dume au jike?"

Msusi akainua darubini. Mti mzima ukarukaruka. Akaishusha.

"Wewe, piga magoti," akamwambia Dereva.

"Mbele za watu?"

"Ulipokuwa unanichumbia si ulipiga? Piga!"

Akapiga. Msusi naye akapiga magoti nyuma yake, akaegemeza viwiko mabegani kwake.

"Usipumue."

"Nitakufa!"

"Utakufa baadaye... Dume! Utosi mwekundu!"

"Mama, huyu anatumia mtu!" mshindani mmoja akalalamika.

"Sijaona palipoandikwa mchumba haruhusiwi," Mkaguzi akajibu.

Jioni ujumbe wa Mkaguzi ukaingia kwenye simu ya Msusi: "Kazi umepata. Njoo na darubini inayokufaa."

Hajamaliza kuruka kwa furaha, ukaingia wa Dereva: "Niko dukani, wamenirudishia ile ndogo. Nisamehe. Pete utaivaa?"

Msusi akaandika: "Kwanza niulize nataka harusi ya ukubwa gani."

Haya, wewe ungeivaa?