Spana Namba Kumi

Nakiri kwamba sikuiona spana. Wawili hawa walipokutana katika duka la vifaa, macho yangu, kama ya msimulizi yeyote wa mapenzi, yalifuata nyuso zao. Kipande kidogo cha chuma kilichokaribia kuwatenganisha kilikuwa juu ya kaunta mbele yangu, nami nikakipita.

Duka lilifurika wateja waliobishana juu ya misumari na mabomba. Mshonaji alisimama katikati yao, shati lake jeupe limenyooshwa kama karatasi, amekumbatia sanduku kubwa jekundu la vifaa. Alikuwa amenunua pikipiki ya kwanza maishani mwake.

"Rudisha hilo," sauti ilisema pembeni yake.

Aligeuka. Alimwona mwanamke mrefu aliyevaa koti la mvua la kijani, kofia ngumu kwapani, kucha fupi zilizopakwa rangi ya zambarau. Huyu alipeleka vifurushi mjini kwa pikipiki, na hapakuwa na kichochoro kisichomjua.

"Lina vipande vingi," mshonaji alijitetea.

"Nusu yavyo hutavigusa mpaka uote mvi. Na hii ya kukaza na kulegeza mdomo, unajua mafundi wanaiitaje? Spana malaya. Inashika kila nati, haitulii na hata moja."

"Basi nistiri, dada. Nichagulie wewe."

Akamchagulia spana nne za namba zinazotumika zaidi, bisibisi mbili, plaisi, na spana ya kufungulia plagi. Aligonganisha spana mbili karibu na sikio, akafumba macho. "Sikia inavyolia. Hiki ni chuma, si bati." Kisha akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, akachora mstari wa zambarau kwenye kila kipande.

"Gereji kila mtu ana alama yake, vitu visichanganyike," alieleza. "Na namba kumi usimwazime mtu. Ikitoka, hairudi."

"Hata wewe nikunyime?"

"Mimi nitaomba kwa adabu."

Mshonaji alizishonea spana zile mfuko wa turubai wa kukunja, kila moja na kijumba chake, kwa mshono wake wa nyuzi mbili. Mapenzi yakafuata, na simu za jioni.

"Umefika salama, ua langu?"

"Nimefika. Umeutia mnyororo oili?"

"Mtu anakuuliza hali, wewe unauliza mnyororo."

"Si ndio unaokuleta kwangu?"

Mwishowe mshonaji akasema kwamba Jumapili angempeleka kwa mama yake. Mwanamke alinunua gauni la bluu, akalitundika ukutani, akawa analitazama kabla ya kulala.

Lakini wivu ulikuwa umeshaingia kama kokoto kiatuni. Kila Jumamosi mchana simu ya mshonaji iliita bila kupokelewa. Jioni alisema alikuwa na kazi nyingi, lakini shati lake jeupe lilinuka petroli.

Ijumaa, siku mbili kabla ya kwenda kwa mama, mwanamke alipeleka kifurushi katika gereji aliyokuwa hajawahi kuingia. Makanika aliyekipokea alikuwa mwanamke mwenzake, mcheshi, mwenye vishimo mashavuni. Makanika alichomoa mfukoni spana iliyopindwa, akafungua fundo la kamba ya kifurushi kwa ncha yake. Juu ya spana hiyo palikuwa na mstari wa zambarau.

"Hiyo umeipata wapi, dada?"

"Hii namba kumi? Nimepewa na mshonaji mmoja, huja hapa kila Jumamosi. Mpole huyo, shoga yangu, hata nzi hamfukuzi. Hii ovaroli kanishonea yeye. Kanipima mwenyewe."

Mwanamke aliitazama ovaroli. Ilikaa kiunoni barabara, na pindoni ulionekana mshono wa nyuzi mbili. Akaaga. Nje aliwasha pikipiki na kusahau kuvaa kofia.

Alimkuta mshonaji nyuma ya cherehani, futi shingoni.

"Karibu, ua langu."

"Ua lako lina ovaroli siku hizi. Nipe mfuko wa spana."

Mshonaji aliacha kukanyaga. Aliufungua mfuko mezani. Bisibisi, plaisi na spana ya plagi zilikuwa na mstari wa zambarau, lakini spana nyingine tatu zilikuwa ngeni, hazina alama, na kijumba cha namba kumi kilikuwa kitupu.

"Nilikwambia usimwazime mtu."

"Sikuazima. Nimempa."

"Afadhali ungenidanganya."

"Nimempa kwa sababu ilitanuka mdomo." Sauti ya mshonaji ilikuwa ya chini. "Siku ya kwanza kuitumia, ilikula pembe za nati, nikakwama. Nilisukuma pikipiki mpaka gereji ya kwanza niliyoiona. Yule dada aliitoa nati, akaniambia spana zote nne ni chuma laini. Kila Jumamosi ananifundisha kutambua nzuri, nami nanunua moja moja. Ile mbovu ameipasha moto akaipinda, inamfaa kwa kazi nyingine. Ovaroli ndiyo ada yangu."

Mwanamke aliketi kwenye kiti cha wateja. Alikumbuka jinsi alivyofumba macho dukani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulizichagua kwa furaha. Niliogopa kukuvunja moyo."

"Kwa hiyo mwanamke mwingine ameyajua makosa yangu, mimi mwenyewe sijui. Hilo ndilo linaloniuma. Kiuno chake kipime ukitaka."

"Sitaki. Nilikosea. Lililo lako nilipaswa kulileta kwako kwanza."

"Na gauni la Jumapili livaliwe na nani, mimi au yeye?"

"Yeye hajaalikwa," mshonaji alisema, na mwanamke, ambaye hakutaka kucheka, alicheka puani.

Kesho yake walirudi katika duka lile kutafuta namba kumi. Mwanamke alinyanyua moja, akaisogeza sikioni kwa mazoea.

"Siyo hiyo, mpenzi," mshonaji alisema mbele ya watu wote. "Hiyo laini. Angalia mdomo wake, usisikilize."

Uso ulimchoma mwanamke. Aliirudisha kwenye kaunta, akanyoosha kiganja. "Haya, mwalimu. Nipe unayoijua wewe."

Jumapili walikwenda kwa mama, na kabla mwaka haujaisha walioana. Wivu wa mwanamke haukufa. Hadi leo akipita kwenye gereji ile hupunguza mwendo na kuchungulia. Lakini tangu siku ile, anapokosea, wa kwanza kumwambia ni mumewe.