Safu ya Nyuma

— Ni nani alimwambia Lynette kwamba nimeacha kudansi?

Joël hakuinua kichwa. Aliendelea kukanyaga cherehani, akishona pindo la gauni la mteja, kana kwamba ameulizwa mtu mwingine. Murielle alikuwa amesimama mlangoni mwa duka dogo la Joël la ushonaji, huko Yeoville, mkoba ungali begani. Alikuwa ametoka nyumbani Troyeville kwa miguu na hakukumbuka hata alipita wapi.

— Joël, nakuongelesha.

— Labda amekosea, chérie, mpenzi wangu. Wale watu wana wachezaji wengi.

Lynette hakuwa mtu wa kukosea. Mkenya huyo ndiye aliyefundisha dansi katika filamu za muziki zinazorekodiwa Johannesburg, zile za mtindo wa zamani, nyota anaimba mbele na wasichana wenye sare wanazunguka nyuma yake kama mwili mmoja. Murielle alikuwa mmoja wa wasichana hao tangu ujana wake. Shangazi yake Clémentine alikuwa akikazia macho televisheni amtafute, na kabla hajampata, picha imeshabadilika. Joël peke yake ndiye aliyemwona kila mara. Angeonyesha kidole kwenye bega, au kisigino kinachopotea pembeni, aseme huyu ndiye mke wangu mtarajiwa. Hapo ndipo Murielle alipompendea.

Safari hii Lynette alitaka kumtoa nyuma. Palikuwa na dansi ya watu wawili, Murielle na nyota, uso wake uonekane na jina lake liandikwe. Lynette alipiga simu Jumapili, Murielle akiwa kwenye kwaya na simu amemwachia Joël, mchumba wake. Hakujua lolote mpaka asubuhi hii, alipopiga mwenyewe kuuliza mbona haitwi mazoezini. Lynette alishangaa. Akamweleza kwamba mchumba wake alipokea, akasema Murielle anaolewa, na kwamba dansi ameshaiaga.

— Simu ulikuwa nayo wewe.

Cherehani ikanyamaza.

— Ni mimi, Joël akasema. Wazee wa kanisa walikuwa wanasema...

— Waache wazee. Hawakushika simu yangu.

Joël alijipangusa uso kwa kipande cha kitambaa.

— Niliogopa. Watu wote wakishakujua, mimi fundi wa Yeoville utanitakia nini?

Moyo wa Murielle ulilegea. Alikuwa tayari kumsamehe palepale. Alichotaka ni kimoja tu: ampigie Lynette na aseme ukweli kwa kinywa chake. Joël alipiga, akaeleza yote bila kujificha. Lynette akasema nafasi ile imeshapewa msichana mwingine na mkataba umesainiwa. Angeweza tu kumrudisha Murielle kwenye safu, kesho asubuhi, ukumbini Turffontein.

Simu ilipokatika Joël alishusha pumzi ndefu. Tabasamu likampita usoni kabla hajalizuia.

— Si umesikia? Kazi hujapoteza. Utarudi mahali pako kama zamani.

Murielle alimtazama.

— Umefurahi.

— Mimi?

— Nimeikosa nafasi, Joël, na wewe ndiyo kwanza umepumua.

Murielle alingoja akane. Hakukana.

Jioni alimwambia shangazi kwamba harusi haipo tena. Clémentine alilia, akauliza mwanamume asiyelewa wala kupiga amekosa nini. Murielle akamjibu kwamba mwanamume huyo angemtaka awe mdogo maisha yake yote, na yeye hawezi.

Asubuhi, wasichana wakivaa sare ukumbini, ujumbe ukaingia: "Niko getini. Nimekukosea sana. Toka tuongee."

Aliusoma akiwa amekaa, kiatu kimoja mkononi. Bado alimpenda, na miguu ilitaka kwenda. Akaandika: "Rudi dukani, Joël. Niko kazini." Akaizima simu na kufunga kiatu.

Lynette alikuja akainama karibu naye, akauliza kama ataweza kucheza leo.

— Nitaweza. Ila siku nafasi nyingine ikitokea, niambie mimi mwenyewe.

— Nitakuambia wewe.

Muziki ukaanza, na Murielle akaingia kwenye safu.