Ndoa ya Uhamisho

Foleni ya tiketi katika stesheni ya Kottayam, kusini mwa India, ilikuwa imefika mpaka nje ya mlango. Mvua iliwanyeshea waliokuwa nyuma, na wa nyuma kabisa alikuwa Sherin Kuruvila. Suruali yake ya pamba ya kijani ilikuwa imelowa hadi magotini. Begani alining'iniza mfuko wa chipsi za ndizi, na kifuani alikumbatia chupa ya achari ya embe ambayo mama yake aliifunga kwa vitambaa kama mtoto mchanga. Likizo ilikuwa imekwisha. Nagpur, mji wa kazi yake katikati ya nchi, ilikuwa inamwita, na Nagpur haina adabu, haibishi hodi.

Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la bodi ya umeme ya serikali. Aligeuka akajishika mgongo, kisha akanusa vidole vyake.

"Achari yako inanitia mafuta, bibie."

"Basi songa mbele."

"Nikisonga zaidi ya hapa nitakuwa nimemwoa huyu mzee."

Mzee aliyetajwa alisema bila kugeuka kwamba yeye ana mke tayari, na huyo mmoja anamtosha. Sherin akacheka, kicheko ambacho hakuwa amekipanga. Kijana alimwuliza anakwenda wapi, na alipoambiwa, akampisha. Alieleza kwamba yeye anamnunulia tiketi mama mkwe wa bosi wake, na kama mama huyo atakaa siku moja zaidi nyumbani kwa bosi, hilo si kosa la fundi umeme. Sherin akapata kitanda cha mwisho kwenye treni ya jioni. Kijana akataka namba ya simu, akisema ni fidia ya shati.

Aliitwa Eldho Mathai. Kazi yake ilikuwa kusimamia mafundi wanaopanda nguzo wakati wa mvua, na alijigamba kwamba hakuna giza katika wilaya nzima lisilomjua kwa jina.

Tangu siku hiyo mapenzi yao yakaishi ndani ya simu. Eldho alipiga akiwa barabarani chini ya nguzo, upepo ukila nusu ya maneno. Sherin, mkaguzi wa kodi, alipokea akiwa kwenye ngazi za ofisi yake, kidole kimoja kwenye sikio la pili. Alimwita Bwana Umeme. Yeye alimwita bibie, na akiwa na hasira alimwita mkaguzi. Siku moja Sherin alilalamika kwamba kila mtu wa Nagpur anamsifia machungwa kana kwamba ndiyo yaliyomleta huko, na saa hiyohiyo ukaja ujumbe:

Machungwa ya Nagipuri, wasema yana utamu,
Mimi nayaona shari, yameficha mwanadamu,
Nitakuja kwa safari, niyakatie hukumu,
Turejee kwa fahari, nyumbani kwetu dawamu.

Sherin aliusoma mara nyingi kuliko alivyokubali. Kilichomchoma ni hilo neno nyumbani. Aliajiriwa akiwa msichana, akapangiwa Nagpur, akaambiwa atakaa kidogo kisha ataomba kurudi. Alipoomba, alikuta idara imefunga mlango: hakuna tena mkaguzi wa kodi kuhama kutoka kanda moja kwenda nyingine. Aliyepangwa kusini akae kusini, aliyepangwa katikati akae katikati, mpaka astaafu. Baba yake alizikwa yeye akiwa ndani ya treni. Mama alibaki peke yake katika nyumba yenye miti ya mpira, akianguka na kuinuka, akificha maanguko.

Ndiyo maana alijiunga na chama cha wakaguzi, na ndiyo maana wenzake walimchagua katibu. Walivaa beji nyeusi kazini, ishara ya kupinga. Saa ya chakula walisimama langoni kwenye jua la kuchoma wakapiga kelele zao za kudai mlango ufunguliwe, kisha wakarudi kwenye mafaili yao. Wakubwa walipita ndani ya magari yenye vioo vya giza.

Eldho alipomwomba wafunge ndoa, Sherin alikataa.

"Siolewi na simu, Bwana Umeme. Nikifika nyumbani, nioe siku hiyohiyo."

"Na usipofika?"

Eldho hakuuliza tena. Akawa anapita kwa mama yake Jumapili baada ya misa, akitengeneza feni ambayo haikuwa imeharibika.

Siku chama kilipoitwa kuonana na wakubwa, Sherin alivaa sari ya pamba ya rangi ya zambarau, ile ya heshima, akabana nywele mpaka macho yakavutika. Simu ililia akiwa kwenye bajaji. Eldho alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mama ameanguka kando ya kisima alfajiri, nyonga imepata ufa, yeye ndiye aliyembeba mpaka hospitali, na sasa mama amelala na anamtukana muuguzi, dalili njema. Kisha akakata ili akanunue dawa.

Sherin alitazama barabara bila kuiona. Ndani ya bajaji ile, katikati ya honi na vumbi, aliamua. Angeolewa na mtu huyu hata kama angebaki Nagpur mpaka nywele ziwe nyeupe. Alipiga simu, ikawa inatumika. Alipiga tena langoni. Halafu tarishi akamnyooshea sinia: simu zote zinabaki nje ya chumba cha mkubwa.

Mjumbe wa Bodi ya Kodi alikuwa ametoka Delhi. Aliketi kwenye kiti chenye taulo jeupe mgongoni, akachovya biskuti katika chai, akasikiliza. Sherin aliongea kwa niaba ya wote. Alieleza wazazi wanaokufa bila mtoto, watoto wanaomwita baba yao mjomba kwa sababu wanamwona mara moja kwa mwaka. Alimtaja Niraj Mahto aliyeketi kando yake, mtoto pekee, ambaye baba yake huko Ranchi alipooza upande mmoja na analishwa na majirani.

Mjumbe alifuta midomo. "Bodi ina huruma," alisema. "Aliyeoa au kuolewa na mtumishi wa serikali wa kule anakotaka kwenda, ataruhusiwa. Aombe ndani ya mwezi huu. Ataanza mkiani kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Wengine wasubiri."

"Mheshimiwa, na wenye wazazi wagonjwa?"

"Nimesema wasubiri."

Karatasi ya makubaliano iliposukumwa mbele ya Sherin, Niraj alimgusa kiwiko na kumnong'oneza asaini. Wachache wakitoka, alisema, angalau itajulikana kwamba mlango una bawaba. Sherin akasaini. Lakini tangu aliposikia neno kuolewa, moyo wake ulikuwa umeruka, na aliona aibu kana kwamba kila mtu mezani amesikia mruko huo.

Alipotoka alichukua simu kwenye sinia akapiga hapohapo.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Uliyoniuliza. Ndiyo, nioe."

Eldho alipiga ukelele uliowashtua wagonjwa wa wodi nzima. Saa chache baadaye hakuwa na ukelele tena. Binamu yake, karani wa kodi huko Kochi, alikuwa amemtumia habari za kikao na maneno ya mzaha: hongera, shemeji amepata tiketi, na tiketi ni wewe.

Alimpigia Sherin jioni. Hakumwita bibie.

"Nakuuliza jambo moja tu. Ulisema ndiyo kabla ya kikao au baada yake?"

Sherin angeweza kueleza. Bajaji, simu iliyokuwa inatumika, sinia ya tarishi. Lakini swali lilimpiga kofi, na mtoto wa Kuruvila hakufunzwa kuomba radhi kwa kosa asilolitenda.

"Baada," alisema. "Sasa fikiria unavyotaka."

Simu ikanyamaza, na ikaendelea kunyamaza.

Ofisini mambo yalikuwa yaleyale kwa sura nyingine. Vaishali Bhoyar, mweka hazina wa chama, mwanamke wa maneno makali na bangili nyingi, alisema mbele ya wote katika mkahawa wa ofisi kwamba sasa anaelewa kwa nini katibu alisaini haraka: alikuwa anajipangia harusi. Mtu alicheka. Mwingine akasema zitaanza ndoa za uhamisho, padri na kuhani wa hekalu watapata kazi. Niraj akajaribu kugeuza kibao, akaomba atafutiwe mke wa Ranchi kabla ya mwisho wa mwezi, awe kiziwi, awe mkali, mradi ana kazi ya serikali. Kicheko kilikuwa kikubwa lakini hakikufika kwenye meza ya Sherin.

Alisimama akasema kwamba hataomba uhamisho. Wote wenye wazazi wagonjwa watoke kwanza, yeye awe wa mwisho. Alisema hivyo kwa sauti ya kikao, na akaketi akiwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Akiomba, alikuwa msaliti wa wenzake na mwongo kwa Eldho. Asipoomba, mama alikuwa kitandani na mapenzi yake yalikuwa namba isiyolia. Kila upande aliogeukia ulikuwa ukuta.

Habari ya kiapo hicho ilifika Kottayam kwa njia ileile, kupitia binamu. Eldho aliisoma akiwa chini ya nguzo. Mwanzo alifurahi: basi hakuutaka uhamisho. Kisha furaha ikageuka ikamuuma: basi hataki kuishi nami. Aliwaachia mafundi wake funguo za gari, akaenda stesheni.

Alifika Nagpur saa ya chakula, joto la Mei likipanda kutoka kwenye lami kama mvuke wa sufuria. Wakaguzi walikuwa langoni na beji zao. Sherin alimwona amesimama ng'ambo ya barabara, shati limekunjamana, ndevu za siku mbili, na sauti yake ikamkatikia katikati ya kelele. Walienda kuketi kwenye benchi la mkahawa, meza ya bati kati yao.

"Ukiomba uhamisho nakasirika," alisema Eldho. "Usipoomba nakasirika. Njiani nimejiuliza mwanamke huyu afanye nini ili nisikasirike, nikakosa jibu. Kwa hiyo nimekuja kuuliza vizuri. Wanitaka mimi, au wataka nyumbani?"

Sherin alimweleza habari za bajaji na sinia. Angeishia hapo na angekuwa ameshinda. Lakini aliendelea.

"Niliamua asubuhi, kabla. Huo ni ukweli. Lakini yule mkubwa aliposema neno kuolewa, moyo wangu uliruka, Ichaya. Huo pia ni ukweli. Sijui kuvitenga. Nikiwaza nyumbani, nakuona wewe juu ya ngazi unatengeneza feni nzima. Nikikuwaza wewe, nasikia mvua ya kwetu. Ukitaka mwanamke atakayekutaka peke yako, bila mama, bila mvua, mimi siye."

Hakuwahi kumwita Ichaya, jina ambalo wanawake wa kwao huwaitia waume zao. Eldho alitazama mikono yake, mikono yenye makovu ya nyaya.

"Binamu aliponiletea habari," alisema taratibu, "nilifurahi kwanza. Nilifurahi kwamba utakuja. Kushuku kulikuja baadaye, kumepanda kiburi changu kama farasi. Hata mimi nautaka uhamisho huo. Kwani mimi naoa nini, simu?"

Sherin alicheka na machozi yakamdondoka mezani. Kisha akakumbuka, akafuta uso. "Nimewaahidi wenzangu."

Niraj alikuwa ameketi meza ya nyuma na sahani yake ya wali na dengu, akisikiliza bila kujificha. Aligeuka.

"Dada, usipokwenda, baba yangu atatembea?"

Sherin alitikisa kichwa.

"Basi. Usinipe mama yako awe zawadi. Sina pa kuiweka."

Aliyasema bila uchungu, na hilo ndilo lililouma zaidi. Sherin alimshika mkono juu ya meza ya bati, mbele ya wote. Alijua kwamba ataomba, kwamba atakwenda, na kwamba kila asubuhi ya mvua huko Kottayam atamkumbuka mtu huyu na sahani yake. Alimwambia Eldho wataoana wiki ijayo, kwenye wodi kama mama hajaweza kusimama.

Walirudi langoni pamoja, kwa kuwa saa ya chakula haikuwa imekwisha na Sherin bado alikuwa katibu. Wenzake walimfanyia nafasi, si wote. Vaishali alikunja mikono, bangili zikalia, akampima Eldho kutoka viatu mpaka ndevu.

"Na wewe ni nani?" aliuliza. "Hapa ni kwa wakaguzi tu."

Eldho alinyoosha shati lake lililokunjamana, akasimama wima kama nguzo zake.

"Mimi ndiyo sababu ya uhamisho," alisema.

Kisha Niraj akacheka, akainua ngumi juu, akaanza upya ile kelele ya kudai mlango ufunguliwe kwa wote. Sherin aliipokea kwa sauti yote aliyokuwa nayo, akimwangalia Niraj, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Eldho.