Ncha ya Pili ya Tepu

Kuku wa Mama Jepkemboi walizunguka uwanja wote isipokuwa upande mmoja. Mahindi yalikuwa yamemwagika pale chini ya dirisha la nyuma, meupe, mazuri, na hakuna kuku aliyesogea kuyadonoa. Lusweti aliliona hilo, maana kazi yake ni kuona, kisha akalipuuza, maana kazi yake pia ni kuharakisha.

Alikuwa mkaguzi wa majengo, anayepima nyumba za watu ili zikadiriwe kodi, na asubuhi hiyo alikuwa Yamumbi na mwenzake Kipkirui. Kodi imewafundisha watu uongo wa kila aina. Chumba cha mpangaji hugeuka stoo, jiko hugeuka banda la kuku. Kwa hivyo mama yule mjane alipoonyesha vyumba vyake kwa ukarimu, kisha akasimama kuziba mlango wa mwisho, uliofungwa kwa kamba ya katani, Lusweti alicheka kimoyomoyo. Leo nimekupata, alijiambia.

"Hiki kiache, kijana wangu," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Andika vingine vyote, hata choo. Hiki si chetu."

"Ni cha nani sasa, Mama? Si kiko ndani ya nyumba yako?"

"Kuna mpangaji alikaa hapa na biashara zake, akatoroka usiku. Chenye alikuja nacho hakikutoroka. Wachungaji wameomba mpaka wakachoka. Tukaonelea tukiachie chumba. Hatukihesabu, na chenyewe hakitusumbui. Sasa wewe ukipima useme ni chetu, si umekifukuza? Kitaenda kukaa wapi?"

Kipkirui alikohoa, akatazama viatu vyake.

"Mama, hata mimi nimeokoka," Lusweti alisema, akafungua kamba.

Harufu ya marashi ikawapiga usoni, tamu kupita kiasi, katika nyumba iliyonukia moshi na maziwa tu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Kipkirui aliingia gizani na ncha ya tepu ya kupimia, kama walivyozoea: mmoja ashike ncha ukutani, mwingine abaki mlangoni asome. Hapo simu ya Lusweti ikalia. Alikuwa mkewe, Nanyama. Lusweti aliweka kasha la tepu sakafuni, akasogea sebuleni.

Walikuwa wamepoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imefika karibu kabisa na siku ya kuzaliwa, na Lusweti alimpenda mtoto yule ambaye hajazaliwa kwa mapenzi yaliyomtisha. Nanyama alitaka kujua kama atarudi kutundika pazia katika chumba cha mtoto.

"Nakuja mapema," alimwambia kwa sauti kubwa, akicheka. "Usijali. Chumba kiko tayari, kinangoja mwenyewe tu."

Aliporudi mlangoni aliokota kasha la tepu.

"Umeshika?"

"Nimeshika," sauti ya Kipkirui ilijibu kutoka gizani.

Tepu ikakazika sawasawa. Lusweti akasoma, akaandika.

"Haya, achilia."

Haikuachiliwa.

"Kipkirui, achilia bwana, tumechelewa."

"Unaongea na nani?" Kipkirui aliuliza kutoka uwanjani, nyuma kabisa, kule alikokuwa amekimbilia hewa. "Mimi nilitoka zamani, ukiwa kwa simu. Hiyo harufu imenishinda."

Lusweti alibaki amesimama, kasha mkononi, macho yakiganda kwenye ule ukanda wa njano ulioingia gizani na kupotea, na tepu ikaanza kuvutwa, si kwa nguvu, bali polepole, kwa subira, kama mtu anayemvuta mbuzi ambaye tayari ni wake, mpaka vidole vyake vikafunguka vyenyewe na kasha, lenye jina lake aliloliandika kwa wino mweusi ili lisiibwe ofisini, likateleza sakafuni na kuingia ndani bila kutoa mlio hata kidogo.

Kisha harufu ikaisha. Ikaisha mara moja, kama taa iliyozimwa.

Nje, kuku walikuwa wamejaa chini ya dirisha la nyuma, wakidonoa mahindi kwa fujo.

Mama Jepkemboi aliwatazama, akaanza kulia. "Kimetoka," alisema. "Kijana wangu, nimesikia vile umesema kwa simu. Pigia bibi yako. Pigia sasa hivi."

Simu iliita, haikushikwa. Ikaita tena. Kipkirui aliendesha gari, na Lusweti alimlilia Mungu kwa sauti njia nzima mpaka nyumbani kwake Langas, bila aibu, akitaja jina la mkewe kila alipokosa maneno mengine.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Marashi yalimpokea kabla hajavuka kizingiti.

Nanyama alikuwa amesimama koridoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ncha ya tepu ya njano. Tepu ilipita kwenye mlango wa chumba cha mtoto, uliofunguka nusu, nayo ilikuwa imekazika. Aligeuka akamwona mumewe, na tabasamu likamtoka usoni polepole.

"Lusweti? Si uko huku ndani? Si umeniambia nishike?"

"Achilia, mpenzi," alinong'ona. "Achilia uje."

"Nimejaribu." Aliutikisa mkono ulioshika ncha. "Mkono haufunguki."

"Hiki nimemaliza kupima," ikasema sauti ya Lusweti mwenyewe kutoka chumbani, kwa upole mwingi. "Sasa sogeza hiyo ncha, Nanyama. Iweke hapo kwa tumbo."